Mpira Kabla ya Sindano: Mfuko wa Chakula Unapopanda Kifuani mwa Mtoto

Mtoto wa miezi 3, kilo 5, analetwa kituo cha afya alfajiri akiwa amefunikwa blanketi mbili kwa baridi ya Juni. Anahema haraka. Upande wa kushoto wa kifua hewa haisikiki vizuri. Homa hana. Mama anamwambia muuguzi, "Dada, tangu usiku anajikamua kutapika lakini hatapiki, ni mate tu." Kwenye kadi kunaandikwa kuhema haraka, dawa inayotolewa ni ya nimonia, na yale maneno ya mama kuhusu kutapika hayaandikwi popote.

Makala haya yanahusu maneno hayo. Mtoto anayejikamua kutapika bila kutoa kitu, huku anapumua kwa shida, huenda mfuko wake wa chakula umepanda kifuani kupitia tundu la kiwambo na kujisokota huko. Ni jambo la nadra. Lakini ni dharura ambayo kifaa cha bei ndogo kilichomo kabatini, mpira wa kupitisha puani hadi kwenye mfuko wa chakula, kinaweza kuokoa maisha, na sindano iliyochomwa kifuani kwa haraka inaweza kuyapoteza.

Tundu lilikotoka

Kiwambo, ambacho wengine hukiita diaframu, ni msuli mpana mwembamba uliokaa kama bakuli lililofunikwa, ukitenga kifua na tumbo. Mtoto akiwa bado tumboni, kati ya wiki ya 4 na ya 12 ya mimba, kiwambo hujengwa kwa vipande kadhaa vinavyokutana na kushikana. Vipande vikishindwa kukutana, panabaki tundu. Mara nyingi tundu huwa nyuma upande wa kushoto, takriban kwa watoto 8 kati ya 10 wenye kasoro hii; kulia ini huwa limeziba njia. Tundu hilo la nyuma huitwa kwa jina la Bochdalek, mtaalamu wa anatomia wa Prague aliyelieleza mwaka 1848. Lipo pia la mbele, karibu na mfupa wa kidari, linaloitwa la Morgagni, nalo ni adimu zaidi. Na kuna watoto ambao hawana tundu kabisa: kiwambo kipo, ila sehemu yake ni nyembamba kama karatasi na haina nguvu ya msuli, kwa hiyo imepanda juu na kuuachia mfuko wa chakula nafasi chini yake. Kwa suala letu hao nao wamo.

Kasoro hii, inayoitwa henia ya kiwambo, hutokea kwa takriban mtoto 1 kati ya 2,500 hadi 5,000 wanaozaliwa. Kwa hesabu hiyo, wilaya yenye vizazi 10,000 kwa mwaka inatarajiwa kupata watoto 2 hadi 4. Muuguzi wa zahanati moja anaweza kufanya kazi miaka mingi asimwone hata mmoja, na ndiyo sababu wa kwanza humpita bila kutambuliwa.

Nyakati mbili tofauti

Tundu ni lilelile, lakini huleta dharura mbili zisizofanana, na kuzichanganya kunagharimu maisha.

Ya kwanza ni ya mtoto anayezaliwa akiwa na shida ya kupumua tangu dakika za mwanzo. Utumbo ulipanda kifuani mapema, mapafu yakakosa nafasi ya kukua. Tumbo lake limebonyea ndani kama kisahani, kifua kimetuna, na mapigo ya moyo yanasikika zaidi upande wa kulia. Kinachomuua mtoto huyu kwa kawaida ni mapafu madogo na mishipa ya mapafu iliyokaza, kuliko tundu lenyewe. Zamani walikimbizwa kwenye upasuaji saa zilezile. Siku hizi inajulikana kwamba kwanza anatulizwa hali yake, hewa na mzunguko wa damu vikae sawa, kisha tundu linashonwa baada ya siku moja au kadhaa. Upasuaji wake unasubiri.

Ya pili ni ya mtoto aliyezaliwa vizuri, akanyonya, akapata chanjo ya wiki ya 6, na pengine hakuna aliyejua ana tundu. Siku moja mfuko wa chakula unajisokota. Huyu upasuaji wake hausubiri siku. Unasubiri tu muda wa kumtayarisha. Ukisikia mtu anasema "henia ya kiwambo siku hizi haiwi ya haraka", muulize anazungumzia mtoto yupi.

Namna mfuko unavyojisokota

Mfuko wa chakula umeshikiliwa sehemu mbili imara: juu unaposhikana na umio, na chini unapoingia utumbo mwembamba. Katikati unashikwa na kano zinazoufunga na ini, bandama, utumbo mpana na kiwambo chenyewe. Kiwambo kikiwa na tundu, kano ya kiwambo haina pa kushika, na nyingine zimevutwa zikalegea. Kilichobaki ni mfuko ulioshikwa ncha mbili tu. Chukua kanga iliyoloa, ishike huku na huku, ikamue: ndicho kinachotokea. Mara nyingi kwa watoto wenye tundu la kiwambo mfuko huzunguka kufuata urefu wake, sehemu ya chini ikapanda juu na ya juu ikashuka. Aina nyingine hukunja mfuko kwa upana, mlango wa kutokea ukaja karibu na mlango wa kuingilia. Msokoto ukizidi nusu duara, yaani digrii 180, milango yote miwili inaweza kufungwa.

Kabla ya kufungwa kabisa kuna kipindi kibaya zaidi ambacho si rahisi kukitambua: hewa inaingia lakini haitoki. Mtoto analia kwa maumivu, na kila anapolia anameza hewa. Ananyonyeshwa ili anyamaze, maziwa yanaongezeka. Fanya hesabu kwa yule mtoto wa kilo 5. Akinyonya kiasi cha kawaida cha mililita 150 kwa kilo kwa siku, mara 7, kila mara anapata zaidi kidogo ya mililita 100. Hewa inayobaki kwenye mapafu yake yote mawili baada ya kutoa pumzi ni kama mililita 25 hadi 30 kwa kilo, yaani 125 hadi 150. Kwa hiyo titi moja alilonyonya pamoja na hewa aliyomeza wakati wa kulia vinatosha kuchukua nafasi kubwa ya mapafu, iwapo mfuko wenyewe uko kifuani. Unapovimba zaidi unausukuma moyo upande wa pili, unakandamiza mishipa mikubwa inayorudisha damu, na mtoto anaanguka kwa mshtuko kabla hata ukuta wa mfuko haujaharibika.

Ukuta nao una muda wake. Mfuko wa chakula una mishipa mingi ya damu, hivyo huvumilia kuliko utumbo. Lakini shinikizo la ndani na msokoto wa nje vikiendelea, damu inakatika, ukuta unakufa na kutoboka, na yaliyomo yanamwagika kifuani.

Dalili, na zile zinazopotosha

Mwaka 1904 daktari wa upasuaji wa Ujerumani, Moritz Borchardt, alieleza ishara tatu zinazokwenda pamoja: maumivu na uvimbe juu ya kitovu, kujikamua kutapika bila kutapika, na mpira wa tumboni kushindwa kupita. Bado zinafundishwa, na ni vyema zikumbukwe, ila kwa watoto wachanga mara nyingi hazikamiliki. Mtoto hasemi wapi panauma. Uvimbe juu ya kitovu hauonekani kama mfuko uko kifuani. Tumbo linaweza kuwa laini na bapa kabisa. Na mpira wakati mwingine hupita. Kukosa ishara moja kusikufanye uache kuufikiria msokoto.

Matapishi yakitoka, kwa kawaida ni maziwa au mate, hayana rangi ya kijani, kwa sababu kizuizi kiko juu ya pale nyongo inapoingilia. Yakiwa ya kijani, fikiria utumbo. Watoto wa tundu la Bochdalek wengi utumbo wao haukuzunguka na kukaa mahali pake sawasawa, kwa hiyo nao unaweza kujisokota. Matapishi ya kijani kwa mtoto mchanga ni dharura popote yalipo, tundu lijulikane au lisijulikane. Yakiwa na damu au rangi ya kahawa, ukuta wa mfuko umeanza kuumia.

Kuna kundi linaloteseka polepole. Mfuko unapanda na kushuka wenyewe. Mtoto anacheua sana, analia baada ya kunyonya, anakataa titi katikati, uzito hauongezeki vizuri kwenye kadi ya kliniki, na anatibiwa nimonia mara ya pili, mara ya tatu, upande uleule. Nyumbani huambiwa ni chango. Picha iliyopigwa siku mfuko umeshuka inaweza kuonekana safi. Kwa mtoto wa namna hii jambo la kumwomba daktari ni moja: picha ya kifua ipigwe akiwa katika shida, si wiki ijayo akishatulia.

Kwa mzazi, mtoto anapojikamua hivyo na kuhema haraka, usimpe titi, usimpe maji, dawa ya chango wala mitishamba kinywani. Si kwamba dawa hiyo ndiyo itakayomdhuru. Ni ujazo wake. Mbebe akiwa wima kifuani mwako, ngozi kwa ngozi, mfunike, na uende. Hapa Tanzania, kwa mama aliyejifungua na mtoto mchanga, usafiri wa dharura wa m-mama huitwa kwa namba 115.

Mpira

Hapa ndipo penye kazi halisi, na tutakaa hapa kidogo.

Mpira mwembamba wa kulishia, namba 5 au 6, hautoshi. Maziwa yaliyoganda huuziba na hewa haitoki kwa kasi inayotakiwa. Tumia namba 8 kwa mtoto mchanga, namba 10 kwa aliyekua kidogo. Pima kutoka ncha ya pua hadi ncha ya sikio, kisha hadi katikati ya kitovu na ncha ya mfupa wa kidari, ukaweke alama kwa plasta. Mtoto akihema kwa shida sana, pitisha mdomoni badala ya puani, maana watoto wachanga hupumua zaidi kwa pua na tundu moja likizibwa wanaumia. Lowesha ncha kwa maji, mwinue kichwa na mgongo kama nyuzi 30, sukuma taratibu kwa mwendo mmoja.

Ukikutana na kizuizi karibu na mwisho wa kipimo, usilazimishe. Umio wa mtoto unatoboka kirahisi, na umio uliotoboka ni janga la pili juu ya la kwanza. Rudisha sentimita 2, geuza mpira kidogo kwa vidole, jaribu tena. Ukishindwa mara ya pili, acha, na uandike: "mpira umekwama kwenye sentimita kadhaa." Kushindwa huko ni taarifa muhimu kuliko vipimo vingi. Kwa mtoto wa siku ya kwanza anayetoa mapovu mdomoni, mpira ukikwama mapema kwenye sentimita 10 hivi, huo ni ugonjwa mwingine, umio usiokamilika.

Ukipita, vuta. Wengi wamefundishwa kusukuma hewa kwa bomba la sindano na kusikiliza kwa stetoskopu tumboni. Kwa mtoto huyu usifanye hivyo. Unaongeza hewa kwenye mfuko unaotaka kuutoa hewa, na mlio wenyewe utausikia kifuani ukadhani mpira umeingia njia ya hewa. Vuta kwa bomba la mililita 20, polepole. Ukipata maziwa au majimaji, weka tone kwenye karatasi ya kupimia asidi; ikisoma 5.5 au chini, uko kwenye mfuko wa chakula. Endelea kuvuta mpaka kisitoke kitu, pima jumla, andika rangi. Kisha acha mdomo wa mpira wazi, uning'inie ndani ya glavu au mfuko mdogo chini ya usawa wa mtoto, na uvute tena kila dakika 15. Usiufunge kwa kizibo. Mpira uliofungwa haumsaidii kitu.

Mara nyingine utaona mabadiliko mbele ya macho yako: mililita 60 za hewa zinatoka, mtoto aliyekuwa wa bluu midomoni anarudi rangi, namba ya oksimita, kile kipimo cha oksijeni ya damu, inapanda. Furahi, lakini usibadili mpango. Mfuko umepungua, haujanyooka, na tundu liko palepale.

Kwa nini si sindano ya kifuani kwanza

Tabibu anayemwona mtoto huyu akiwa mahututi ana sababu zote za kudhani hewa imejaa nje ya pafu: kifua cha kushoto kimevimba na kinagonga kama ngoma, hewa haisikiki, moyo umesukumwa kulia. Tiba ya hewa iliyonaswa nje ya pafu ni kuchoma sindano, kisha kuweka mrija wa kifuani. Ukimfanyia hivyo mtoto mwenye mfuko wa chakula kifuani, unautoboa mfuko, asidi na maziwa yanamwagika kifuani, na upasuaji unaofuata unakuwa mgumu maradufu.

Mpira huchukua dakika 2. Kwa mtoto mchanga ambaye hakuanguka, hakugongwa na hakupulizwa hewa kwa shinikizo kubwa, pitisha mpira kabla ya kuchoma kushoto. Sindano kupitia ukuta wa kifua moja kwa moja hadi kwenye mfuko ipo kama hatua ya mwisho kabisa, mtoto anapokata roho na mpira umekataa kupita. Huo ni uamuzi wa daktari anayejua anachochoma, na anayefanya hivyo amekubali kwamba mtoto anakwenda chumba cha upasuaji.

Picha ya eksirei inapopatikana, ipigwe kifua na tumbo kwa pamoja, mpira ukiwa ndani. Angalia mambo machache. Ncha ya mpira iko wapi? Ikiwa imeshuka na kukunja kurudi juu kifuani kushoto, jibu umelipata. Mstari wa kiwambo cha kushoto unaonekana mzima? Lile povu la hewa la mfuko wa chakula, linalotakiwa kuwa chini ya mbavu za kushoto, lipo au limehama? Je, kuna mstari ulionyooka pale maji na hewa vinapokutana nyuma ya kivuli cha moyo, au mistari miwili, mmoja juu ya mwingine? Hewa ya nje ya pafu hulisinyaza pafu kuelekea katikati na huzunguka mpaka kileleni mwa kifua; mfuko wa chakula hulisukuma pafu juu, na pale kileleni utaona bado kuna kipande cha pafu, chini yake ukuta wa mfuko uliopinda. Picha ya dawa ya kunywa huonyesha msokoto vizuri, lakini kama kuna shaka ya kutoboka isiwe bariamu. Mtoto aliyezidiwa hahitaji kusubiri picha hiyo.

Mambo mengine yanayofanyika wakati huohuo

Oksijeni kwa mirija ya puani, lita 0.5 hadi 1 kwa dakika kwa mchanga, lita 1 hadi 2 kwa mkubwa kidogo. Mashine ya kusukuma hewa puani kwa shinikizo, ile ya mapovu ambayo sasa ipo kwenye wodi nyingi za watoto wachanga, haimfai, kwani sehemu ya hewa hiyo inakwenda tumboni. Kwa sababu ileile, mtoto aliyezaliwa na dalili za tundu hatakiwi kupulizwa kwa ambu, ule mfuko wa kukamua wenye barakoa, ikiwa yupo mtu anayeweza kumwekea bomba la hewa kooni. Kituoni ambako hakuna mtu huyo, na mtoto hapumui, hakuna hiari: mpulizie, kwa nguvu ndogo kabisa inayoinua kifua, na mwenzako apitishe mpira mdomoni na kuuacha wazi wakati unapuliza. Kumwacha bila hewa kwa kuogopa tumbo ni kosa kubwa zaidi.

Mlaze kichwa kikiwa juu, upande wenye tundu ukiwa chini, ili pafu zima lipate nafasi. Weka kanula. Kwa yule wa kilo 5 aliyekaukiwa na kupoa mikono na miguu, dripu ya nomo salaini au ringa mililita 10 hadi 20 kwa kilo, yaani 50 hadi 100, ndani ya dakika 30 hadi 60, kisha umpime upya kabla ya kuongeza. Sukari ya damu ikiwa chini ya milimoli 2.5 kwa lita, dekstrosi ya asilimia 10: mililita 5 kwa kilo, 25 kwa huyu, mtoto wa siku chache hupewa 2 kwa kilo. Dripu ya kawaida baada ya hapo ni kama mililita 20 kwa saa, na kiasi kinachotoka kwenye mpira kirudishwe kwa nomo salaini. Antibayotiki zianze mapema: ampisilini miligramu 50 kwa kilo, jentamaisini 7.5 kwa kilo mara moja kwa siku, na metronidazo 7.5 kwa kilo kila baada ya saa 8. Kwa wachanga wa wiki ya kwanza vipimo na nafasi za saa ni tofauti, fuata jedwali la wodini.

Barabara za Nyanda za Juu

Sura ya nchi yetu ina jambo ambalo fomu za rufaa hazilitaji. Hewa iliyofungwa hupanuka unapopanda mlima. Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, iko kwenye mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari. Gari la wagonjwa linalokwenda Mbeya mjini hupita Tukuyu, hupanda hadi Isyonje, zaidi ya mita 2,000, kisha hushuka Uyole. Katika mpando huo hewa iliyonaswa ndani ya mfuko wa chakula huongezeka ujazo kwa takriban sehemu moja ya tano au zaidi. Mililita 100 zinakuwa 120 bila mtoto kumeza pumzi hata moja. Ni hivyohivyo kutoka Manda kwenda Njombe, au kutoka Matema kupanda juu. Mtoto aliyekuwa anamudu Ipinda, huko Kyela, anaweza kuanza kuzidiwa njiani, na muuguzi aliye naye akadhani ni oksijeni imekwisha.

Kwa hiyo mpira uwe wazi njia nzima, na anayesindikiza awe na bomba la sindano mkononi, avute kabla ya kuanza mpando na kila dakika 15. Kama safari ni ya ndege kutoka Songwe, sharti ni hilohilo.

Baridi ni adui wa pili. Makete, Mufindi na Njombe usiku wa Juni na Julai mtoto anapoa ndani ya gari kwa dakika chache, na mtoto aliyepoa mishipa ya mapafu hukaza zaidi. Kofia, soksi, na kifua cha mama chini ya blanketi, ila kichwa kiwe juu na mpira uonekane. Chupa ya maji ya moto isiguse ngozi.

Wapi apelekwe? Mtoto wa saa ya kwanza, anayehitaji mashine ya kupumulia na siku kadhaa za kutulizwa, anahitaji mahali penye madaktari bingwa wa upasuaji wa watoto na chumba cha wagonjwa mahututi cha watoto wachanga, na Muhimbili ni mojawapo. Mtoto wa mfuko uliojisokota, hasa kama mpira umekataa kupita, ana hesabu nyingine. Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, na mlima mkali wa Kitonga katikati. Kabla ya kumweka barabarani, mpigie daktari wa upasuaji wa hospitali ya rufaa iliyo karibu, kanda Mbeya au mkoa Iringa, umweleze kwa maneno yasiyo na utata: "Nashuku mfuko wa chakula wa mtoto umejisokota kifuani." Kuunyoosha mfuko na kuufunga mahali pake ni kazi ambayo daktari wa upasuaji wa jumla mwenye mtaalamu mzuri wa usingizi anaweza kulazimika kuifanya, na ni bora ifanyike pungufu kidogo leo kuliko kikamilifu kesho kwa mtoto ambaye ukuta wa mfuko umeshakufa.

Kwenye barua andika uzito, saa aliyonyonya mwisho, namba ya mpira, kiasi na rangi ya kilichovutwa, maji na dawa alizopewa. Saa ziandikwe kwa mtindo wa saa 24. Mama akisema amenyonya "saa tano usiku", andika 23:00. Ukiandika saa 5 tu, mtoa usingizi upande wa pili anaweza kuisoma alfajiri, akakosea hesabu ya tumbo tupu.

Mezani

Mtoa usingizi huvuta mpira mara ya mwisho mtoto akiwa macho, huepuka kumpulizia kwa barakoa, na hatumii gesi ya naitrasi oksaidi, ambayo huingia kwenye nafasi zenye hewa na kuzivimbisha. Kwa kawaida mkato ni chini ya mbavu za kushoto. Mfuko ukiwa umejaa mno kuvutika, hutolewa hewa kwanza. Unashushwa tumboni, unanyooshwa, kisha unasubiriwa: ukuta uliokuwa wa zambarau ukirudi wa waridi ndani ya dakika chache chini ya kitambaa cha moto, umepona, sehemu iliyobaki nyeusi hukatwa na kingo kushonwa. Bandama huangaliwa, kwa kuwa kwa baadhi ya watoto hawa huwa imelegea au haipo. Tundu hushonwa kwa nyuzi zisizoyeyuka. Kisha ukuta wa mbele wa mfuko hushonewa kwenye ukuta wa tumbo, au huwekwa mrija wa kulishia unaofanya kazi ileile ya kuushikilia. Hatua hii ya mwisho ikirukwa, kanga bado imeshikwa ncha mbili.

Baada ya hapo

Kulisha huanza matumbo yakishaamka, kidogokidogo, maziwa ya mama yaliyokamuliwa. Kucheua kwingi huendelea kwa miezi kwa baadhi yao, na uzito unahitaji kufuatiliwa kila mwezi hata baada ya chanjo za wiki ya 14 kwisha. Mama apewe maelezo ya upasuaji kwa maandishi, yabandikwe ndani ya kadi ya kliniki ya mtoto: tundu lilikuwa upande gani, mfuko ulishonewa wapi, bandama ipo au haipo, kwa sababu asiye na bandama anahitaji chanjo za ziada na kuwahiwa kila anapopata homa. Tundu linaweza kufunguka tena, na makovu ya ndani yanaweza kuziba utumbo hata miaka baadaye. Akija na matapishi ya kijani, au akianza tena kujikamua bila kutoa kitu, mama afungue kadi kwenye ukurasa huo kabla ya kueleza kingine chochote, na anayempokea aanze na mpira.